SARE AROBAINI ZA WAUGUZI NA NAFASI YA KAZI YA DIGRII

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI WA GHOROFA YA PILI

Kumbukumbu za kikao cha 31, kilichofanyika Jumamosi kuanzia saa nane mchana katika chumba cha kukatia, juu ya duka la magodoro

WALIOHUDHURIA
1. Babu Mkasi: Mwenyekiti, mkataji wetu mkuu
2. Bi Vifungo: Makamu Mwenyekiti, vifungo na matundu yake
3. Fundi Kola: mjumbe, kola na mabega
4. Fundi Suruali: mjumbe, jina linajieleza
5. Mama Pindo: Katibu, mapindo yote, ndiye anayeandika hapa

ALIYEALIKWA
Digrii: mhitimu wa chuo kikuu, ubunifu wa mavazi, yuko kwetu kwa majaribio ya miezi mitatu. Ni binti wa Katibu. Jambo hili linajulikana na halikuhitaji kurudiwa, ingawa lilirudiwa.

WASIOHUDHURIA
Fundi Zipu: kwa udhuru, anamwoza mdogo wake.
Fundi Kofia: bila udhuru. Alionekana kupitia dirishani akinunua mto kwenye duka la chini.

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa nane na dakika ishirini, baada ya Fundi Suruali kumaliza kupiga pasi suruali ya mteja aliyekuwa akiisubiri mlangoni amevaa kaptula. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika na akawaomba waseme kwa zamu, maana katika kikao cha 30 watu wa magodoro walipanda ngazi kuuliza kama tumefiwa.

Fundi Kola alihoji kama ni haki Katibu aandike kumbukumbu za kikao kinachomhusu mwanawe wa kumzaa. Katibu alimwuliza kama yeye anaweza kuandika. Fundi Kola alijibu kwamba anaweza, kwani kalamu ina nini. Alipewa daftari na kalamu. Baada ya sentensi mbili alivirudisha. Iliamuliwa kwamba Katibu aendelee, ila asipige kura.

KUMB. NA. 2/31: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alilalamika tena kwamba balbu iliyo juu ya meza ya kukatia haina nguvu. Hii ni balbu ya tatu tangu tuanze kuzungumzia jambo hili. Bi Vifungo alisema balbu hiyo ina mwanga wa kuanika nguo, na kwamba yeye huondoka nayo machoni mpaka nyumbani. Mwenyekiti alisema labda ni umeme. Jambo liliachwa.

KUMB. NA. 3/31: SARE AROBAINI ZA WAUGUZI

Kwa faida ya Fundi Zipu, ambaye hakuwepo tangu mambo yaanze, Katibu alitakiwa kueleza kilichotokea.

Matroni wa kliniki ya wazazi iliyo mwisho wa mtaa aliagiza sare arobaini za mkato mpya. Digrii alichora violezo, yaani zile karatasi anazoziweka mkataji juu ya kitambaa ili azifuate kwa chaki na mkasi. Mwenyekiti alikata. Sote tulishona. Jumatatu ya wiki iliyopita wauguzi walikuja kujaribu. Wa kwanza aliingia ndani ya sare akashindwa kuinua mkono. Wa pili aliuinua, na mshono wa kwapani ukaachia kwa mlio uliosikika hadi kwenye magodoro. Matroni alikaa kwenye stuli, akaomba maji.

Kosa lenyewe ni hili. Nguo yoyote lazima iachiwe nafasi ya mshono, yaani kitambaa cha ziada pembeni kinacholiwa na mshono. Violezo vyetu vya zamani, vile vya karatasi ngumu vinavyoning'inia msumarini, vina nafasi hiyo ndani yake. Mkataji anafuata ukingo tu, hana la kufikiri. Digrii alifundishwa chuoni kuchora kipimo cha mwili kikiwa kitupu, halafu mkataji anaongeza nafasi mwenyewe kwa chaki. Safari hii hakuna aliyeongeza. Sare zote arobaini zilikatwa kana kwamba nguo hushonwa kwa gundi.

Kwa siku tano Digrii alifumua mbavu zote themanini na kuingiza kipande cha bluu iliyokolea kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Wajumbe walimsaidia, isipokuwa Fundi Kola, aliyesema yeye ni mtu wa kola na kola hazina tatizo. Jana Ijumaa Matroni alirudi na muuguzi mmoja mnene. Muuguzi alivaa, akachuchumaa, akasimama, akainua mikono yote miwili kama anayetundika chupa ya dripu, akasema, "Sasa hii ndiyo nguo." Sare zote zilipokelewa. Matroni alinung'unika kuhusu mifuko tu, kwamba imekaa chini mno.

Wajumbe walishusha pumzi. Bi Vifungo alisema tangu Jumatatu ile alikuwa akilala macho, na jana ndiyo mara ya kwanza amekoroma. Fundi Suruali alithibitisha kwamba naye amelala vizuri, na kwamba hata sasa hivi angeweza.

KUMB. NA. 4/31: MAJARIBIO YA DIGRII, ABAKI AU AAGE

Mwenyekiti alikumbusha kwamba miezi mitatu ya majaribio imekwisha leo. Kwa katiba yetu, anayejaribiwa anabaki akikubaliwa na watatu kati ya wanne wenye kura waliohudhuria. Akiwakosa, anaondoka. Alieleza pia kwamba Digrii ana barua kutoka kiwanda cha nguo cha mji mwingine, kinachomtaka awe mkaguzi wa ubora, yaani kusimama mwisho wa mstari wa mashine na kutazama nguo zilizoshonwa na wengine. Kiwanda kinataka jibu kabla ya Jumatatu.

Katibu anaomba jambo moja liingie kwenye kumbukumbu. Mtoto huyu alikaa nyumbani mwaka mmoja na miezi miwili baada ya mahafali. Alipeleka maombi sehemu kumi na moja. Kila shangazi aliyepita kutusalimu alimwuliza, "Hivi wewe ulisomea nini tena?" Kwa hiyo hoja hii haikuwa ndogo kwa baadhi ya watu waliokuwa chumbani.

Fundi Kola alisema yeye hana kinyongo na mtu. (Mjumbe huyu hajamsalimia Katibu tangu kisa cha pasi ya mvuke, kikao cha 22.) Alisema ana miaka kumi na minane kwenye kazi hii na hajawahi kuona nguo arobaini zikikatwa bila nafasi ya mshono, hata anayejifunza kwa wiki moja analijua hilo. Alisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe, akatulima sisi wenyewe." Alipendekeza Digrii aende zake kiwandani kwa amani, na iandikwe wazi kwamba kosa la sare lilikuwa lake pekee.

Fundi Suruali alisema anakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Alipoulizwa ni nusu ipi, alisema ataitaja baadaye.

Bi Vifungo alimtaka Digrii ajitetee. Digrii alisimama, akasema, "Kosa limetokea kwenye violezo vyangu. Sina la kuongeza." Akakaa.

Katibu aliomba ruhusa ya kuweka kalamu chini na kusema kama mzazi. Alipewa dakika mbili. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki violezo vyote sita vya sare zile, alivyovikuta Alhamisi vimekunjwa nyuma ya kabati la vitambaa alipokuwa akitafuta kitu kingine. Alipoulizwa alikuwa akitafuta nini, alijibu kwamba alikuwa akitafuta hivyo hivyo. Alivitandaza mezani. Kwenye kila kimoja, kwa wino mwekundu na herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: ONGEZA NAFASI YA MSHONO, VIDOLE VIWILI KILA UPANDE.

Fundi Kola alisema maandishi kama hayo mtu anaweza kuyaandika hata jana usiku akiwa kwao. Katibu alisema neno. Mwenyekiti aliagiza neno hilo lifutwe, na limefutwa. Bi Vifungo aliinamia kiolezo cha mgongo, akaonyesha mahali ambapo chaki ya Mwenyekiti imepita juu ya wino. Maana yake wino ulikuwepo kabla ya chaki. Fundi Kola aliangalia, kisha akaangalia tena.

Ndipo Fundi Suruali akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni: "Sasa Babu, ulisoma ukapuuza, au imekuwaje?"

Mwenyekiti alichukua kiolezo, akakisogeza karibu na uso, akakipeleka mbali, akakiinua kwenye balbu. Halafu akamwomba Fundi Kola amsomee. Fundi Kola alimsomea. Mwenyekiti aliuliza kama herufi zenyewe ni ndogo. Fundi Kola alijibu, kwa sauti ambayo hatujaizoea kutoka kwake, "Hapana, Babu. Ni kubwa kama kidole changu."

Mwenyekiti alieleza kwamba huu ni mwaka wa pili anaona ukungu. Mwanzoni alidhani ni balbu. Violezo vya zamani anavijua kwa vidole, kila kona na kila kipembe, na amekuwa akikata kwa kupapasa ukingo. Violezo vipya alivipapasa hivyo hivyo, akafuata ukingo kama alivyozoea. Alisema hakumwambia mtu kwa sababu mkataji asiyeona ni nani? Alijiuliza na kujijibu mwenyewe kwamba ni mzee wa kukaa mlangoni alinde viatu. Hapa Katibu ananukuu neno kwa neno: "Tangu Jumatatu ile nawasikia mnamsema mtoto, na mimi nimekaa kimya kama maji mtungini. Aibu imenikaa hapa." Alionyesha kooni. "Sasa imetoka. Afadhali. Jamani, afadhali."

Kisha Bi Vifungo alimwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na sare tu, shukuru Mungu." Wajumbe walicheka, na aliyeanza kucheka ni Mwenyekiti.

Digrii aliulizwa kama alijua. Alikiri kwamba alijua tangu wiki ya tatu, siku Mwenyekiti aliposifia kitambaa cha kijani akisema bluu yake imetulia. Alikiri pia kwamba ni yeye aliyeficha violezo nyuma ya kabati baada ya siku ya kujaribu, ili mtu asivione akaanza kuuliza. Alisema asingeweza kumwaibisha mtu aliyemfundisha kushika mkasi.

Wajumbe walitegemea Mwenyekiti amshukuru. Mwenyekiti alimkaripia. Alisema, "Ulijua sioni, halafu ukaniandikia karatasi? Mtu asiyeona anaandikiwa?" Digrii alisema kwamba hilo hakulifikiria. Mwenyekiti aliendelea: "Ungenishika mkono ukaniambia, Babu, hapa ongeza. Basi. Heshima yako nzuri, mwanangu, lakini imetugharimu mbavu themanini." Digrii aliomba radhi. Mwenyekiti naye aliomba radhi kwake, mbele ya wote, na akataka iandikwe.

Iliazimiwa kwamba kosa la sare lilikuwa la watu wawili: mmoja alificha macho yake, mwingine akaficha alichokijua. Fundi Kola aliomba pendekezo lake liondolewe. Limeondolewa. Alimgeukia Digrii akasema, "Nilikusema vibaya, mwanangu, unisamehe." Kisha alimgeukia Katibu, akakohoa. Katibu ameupokea ukohozi huo kama ulivyo.

KUMB. NA. 5/31: KAZI ZA MTU ALIYESOMEA UBUNIFU WA MAVAZI

Fundi Suruali alisema sasa yuko tayari kuitaja nusu yake. Yeye hana neno na mtoto. Tatizo lake ni kwamba hajui amwite nani. Amwite fundi? Mbunifu? Wabunifu anaowaona kwenye runinga wana miwani mikubwa na hupigiwa makofi wakipita. "Nataka kujua tu," alisema. "Miaka minne ya chuo, mtu anatoka huko akiwa nani?"

Digrii alitakiwa kueleza. Alisema darasani kwao walihitimu kumi na tisa. Mmoja tu ndiye mwenye jina lake kwenye nguo na hupigiwa makofi, na usiku wa kuamkia maonyesho huyo naye hushona vifungo mwenyewe kwa mkono. Wawili wanafundisha vyuo vya ufundi. Mmoja anavalisha waigizaji wa jukwaani, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuchukua nguo mpya na kuzisugua kwa jiwe na majani ya chai mpaka zionekane za miaka kumi. Fundi Suruali alisema kwa kazi hiyo ya kuchakaza nguo mpya anaye kijana nyumbani, tena hahitaji mafunzo.

Mmoja ni mnunuzi wa duka kubwa. Huzunguka akichagua watu watavaa nini miezi sita ijayo. Mmoja huchora maua ya vitambaa kwenye kompyuta, maua asubuhi, maua jioni. Mmoja anaandika habari za mavazi gazetini. Mmoja yuko kwenye karakana ya hospitali, akibuni nguo ambazo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuzivaa bila kusimama. Bi Vifungo alitaka kujua kwenye nguo hizo vifungo vinakaa wapi. Aliambiwa kwamba hakuna vifungo, kuna sumaku. Bi Vifungo hakuchangia hoja kwa dakika kadhaa.

Watatu ni wakaguzi viwandani, kama ile kazi ya kwenye barua. Wanne wanauza bima. Mmoja ana bucha, na husema kukata ni kukata. Wawili bado wako nyumbani wanapeleka maombi. Digrii ndiye wa kumi na tisa.

Fundi Kola alimwuliza, "Na wewe unataka nini? Siulizi chuo, wala simuulizi mama yako. Wewe."

Digrii alisema mwaka wa kwanza alitaka kuwa yule wa makofi. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alipewa koti kuukuu alifumue lote, achore kila kipande kwenye karatasi, halafu alirudishe kama lilivyokuwa. Lake lilimchukua wiki mbili, na hakutaka liishe. Tangu hapo anachokipenda ni ile karatasi inayotangulia nguo. Alisema viwanda vikubwa vina mtu wa kazi hiyo peke yake, mchora violezo. Hakuna anayemjua kwa sura, lakini akikosea yeye, wote wamekosea.

Fundi Kola alisema, "Hilo tumeliona kwa macho yetu." Wajumbe walicheka. Digrii alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, na Katibu aliliona hilo.

Mwenyekiti alisema kazi anayoieleza Digrii ndiyo aliyoifanya yeye miaka thelathini, ila yeye aliiweka yote kichwani na vidoleni. Violezo vya msumarini vilichorwa na mwalimu wake, kwa miili ya watu wa zamani zile, nao walikuwa wembamba. Tangu hapo tunakisia. Kila mteja tunamwongezea hapa, tunampunguzia pale, halafu tunamwambia avute pumzi. Alipendekeza Digrii apewe kazi ya kuchora violezo vipya vya karakana nzima, na kukata. Yeye Mwenyekiti atakaa kando ya meza kumfundisha yale ambayo karatasi haisemi: kitambaa kipi kinavutika, kipi kikiona maji kinajikunja kama konokono. Alisema, "Macho yake, vidole vyangu. Nikitibiwa nikaona, tutagombania mkasi kama watu wa kawaida."

Katibu aliombwa maoni yake kama mzazi. Alikiri kwamba miaka yote minne alikuwa akimwombea mwanawe ofisi, na ndani ya ofisi hiyo kiti chenye egemeo, asije akakaa kwenye stuli kama yeye mpaka kiuno kikalalamika. Alisema leo hajui tena aombe nini. Bi Vifungo alimwambia asiwe na wasiwasi, stuli itawekewa mto, Fundi Kofia ameshaenda kuununua.

KUMB. NA. 6/31: KURA

Kura ilipigwa kwa kuinua mkono. Bi Vifungo aliinua. Fundi Suruali aliinua, akasema ni nusu zote mbili. Mwenyekiti aliinua. Fundi Kola aliinua wa mwisho, polepole, kama mtu aliyevaa sare ya kabla ya marekebisho, lakini aliinua mpaka juu. Kura nne kati ya nne. Digrii alikubaliwa.

Mwenyekiti alimwambia Digrii kwamba mlango wa Umoja uko wazi, lakini kazi ya kiwanda nayo ni ya heri, ina mshahara wa kila mwezi na basi la wafanyakazi, na hakuna hapa atakayenuna akienda. Ana hiari yake mpaka Jumatatu.

Digrii alisema hahitaji kungoja Jumatatu. Jumatano alishawaandikia kiwandani kwamba haendi.

Bi Vifungo alimwuliza kama ana akili timamu. Jumatano sare zilikuwa bado zimefumuliwa mbavu, Matroni hajarudi, na kura haijapigwa. "Na leo tungekukataa, ungekuwa mgeni wa nani?"

Digrii alijibu kwamba angerudi nyumbani, angechora violezo kwenye meza ya chakula, na mwaka ujao angekuja kuomba tena. Alisema, "Kule ningesimama mwisho, nikitazama makosa ya wengine. Mimi nataka kusimama mwanzo, hata kama makosa yenyewe yatakuwa yangu." Halafu alimwangalia Katibu, akasema, "Mama, nisamehe. Niliogopa kukwambia."

Katibu

(Kuanzia hapa naandika mimi Bi Vifungo kwa sababu Katibu ameacha kalamu mezani na kusimama. Sijui lugha ya vikao. Nitaandika ninachokiona.)

Katibu amezunguka meza. Amemshika mwanawe masikio yote mawili kama mtu anayetaka kumgombeza. Hajamgombeza. Wamekumbatiana. Katibu analia. Nimemwuliza niandike kwamba analia, amesema nisiandike. Anasema "mwaka mzima na miezi miwili," anarudia hilo hilo tu. Digrii anamwambia basi mama, basi, yamekwisha. Fundi Kola ametoa leso, imepigwa pasi kona kwa kona, amempa Katibu. Katibu ameipokea, amesema ahsante. Tangu ile pasi ya mvuke hili ni la kwanza. Mwenyekiti anauliza kuna nini. Nimemweleza. Sasa naye anatafuta leso na leso ilikuwa moja. Fundi Suruali amekwenda kuleta chai. Mimi mwenyewe sijisikii vibaya hata kidogo. Kalamu inarudi kwa mwenyewe.

(Katibu amerudi. Aliyoyaandika Makamu Mwenyekiti yanabaki kama yalivyo, ingawa mwandiko ni wa kuku. Katibu alikuwa na mafua.)

KUMB. NA. 7/31: MENGINEYO

Macho ya Mwenyekiti. Bi Vifungo alisema mama yake mkubwa aliona ukungu wa namna hiyo hiyo, ikaonekana ni mtoto wa jicho, akapasuliwa, na leo anahesabu nzi walioko dirishani. Hatujui kama ni hilo. Daktari ndiye atakayesema. Fundi Suruali atampeleka Mwenyekiti kwenye kliniki ya macho Jumanne asubuhi. Mwenyekiti aliuliza kama watatumia sindano, kwa kuwa yeye na sindano hawapatani. Wajumbe walimkumbusha kwamba ameshika sindano miaka thelathini. Alisema kushika ni jambo moja na kuchomwa ni lingine.

Balbu. Iliazimiwa irudishwe ile ya zamani.

KUMB. NA. 8/31: KUFUNGA KIKAO

Kabla ya kutia saini, Mwenyekiti aliomba asomewe kumbukumbu zote tangu mwanzo. Alisema kwa muda mrefu amekuwa akisaini asichokiona, na leo anataka kujua anakubali nini. Katibu alisoma. Mwenyekiti alisikiliza akiwa amefumba macho, akacheka palipotajwa viatu, akatikisa kichwa palipotajwa aibu, na hakutaka chochote kibadilishwe. Aliuliza ni maazimio gani mengine aliyoyasaini katika kipindi hicho. Katibu alisema hakuna baya, isipokuwa lile la kukataza sigara ndani ya chumba cha vitambaa, ambamo mvutaji ni yeye peke yake. Mwenyekiti alisema, "Ala! Kumbe ndiyo maana mlikuwa mnafungua madirisha."

Aliuliza atie saini wapi. Fundi Kola alimshika kidole, akakiweka kwenye mstari. Mwenyekiti alisaini, akauliza kama imenyooka. Fundi Kola alisema imenyooka. Bi Vifungo alisema imenyooka. Fundi Suruali alisema imenyooka sana. Katibu naye alisema hivyo hivyo.

Digrii alisema, "Hapana, Babu. Imepanda mwishoni." Akamshika mkono, akampitishia kidole pale ilipopindia.

Mwenyekiti alisema, "Naam. Sasa kazi itafanyika." Akakifunga kikao saa kumi na moja kasoro dakika kumi, chai ikiwa bado ya moto.

Mwenyekiti: Babu Mkasi (saini, imepanda mwishoni)

Katibu: Mama Pindo (saini)

Aliyeshika kalamu katika KUMB. NA. 6/31: Bi Vifungo (saini)